Mama Injini na Paa la Maktaba

Katika mtaa wa maduka ulioko nyuma ya ofisi za manispaa, umeme ukikatika hakuna aliyeshtuka. Mwenye duka la picha alitoka nje akavuta kamba ya jenereta lake, mwenye uchapaji akavuta la kwake, mwoka mikate akawasha lile kubwa lililofungwa mnyororo kwenye nguzo, na kabla hujamaliza kuuliza kulikoni, mtaa mzima ulikuwa ukinguruma. Kusemezana ilibidi watu wasogezeane masikio. Ila palikuwa na mwanamke mmoja aliyeisikiliza ngurumo ile kama mama anavyowasikiliza wanawe wakicheza uani: huyu mzima, huyu ana kikohozi, yule pale jioni haimkuti.

Huyo ndiye aliyeitwa Mama Injini. Jina lake lenyewe lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, fundi wa pampu za maji, mtu mkali aliyemfundisha kufungua injini huku akimkataza kugusa spana kabla hajasikiliza. Alipokua akafungua karakana yake, chumba chenye mlango mpana na sakafu nyeusi kwa oili, ubavuni kwa saluni ya kijana mmoja kinyozi. Kinyozi alikuwa msemaji, yeye alikuwa msikilizaji, wakaoana. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa akisema kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye kucha za fundi na moyo wa askari, na ukimuuliza kama hiyo ni sifa au lawama, alikuwa akikuangalia tu.

Mambo yalianza kugeuka taratibu, kwa namna ambayo mtu hawezi kuikasirikia. Manispaa iliweka paneli za sola juu ya ofisi zake. Ikafuata zahanati, ambako wauguzi walifurahi kwamba friji la chanjo halizimiki tena. Halafu wafanyabiashara nao wakaona. Mwenye duka la picha akaweka chache. Mwenye uchapaji akajaza paa zima. Kila paneli zilipopanda, jenereta moja lilinyamaza, na Mama Injini alijikuta amekaa kwenye kigoda chake mlangoni akipangusa spana ambazo tayari zilikuwa safi.

Siku moja mwoka mikate alimwita. Walifahamiana miaka mingi. Jenereta lake kubwa Mama Injini alilijua kuliko alivyoijua afya yake mwenyewe. Yule bwana alisimama mlangoni, mikono ina unga, macho yanatazama kandambili zake.

"Mama, sina ugomvi na wewe," alisema. "Umenihudumia vizuri sana. Lakini lile jenereta njoo ulichukue, angalau upate spea."

Mama Injini aliuliza kama anaweza kuingia aone. Ndani, mashine ya kukandia unga ilikuwa ikizunguka, feni zinapuliza, na sauti kubwa iliyosikika ilikuwa ya vijana wa mikate wakiteta juu ya nani kasahau chumvi. Ukutani palikuwa na kisanduku cheupe. Aliambiwa ndiyo inveta, ndiyo inayougeuza umeme wa jua uwe wa kutumika. Akaiwekea kiganja. Ilikuwa na joto kidogo, kama mkate uliotoka tanurini zamani. Aliinamisha sikio, akasubiri. Haikumwambia kitu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alisimama mbele ya mashine asijue pa kuanzia.

Nyumbani, wakati wa chakula cha mchana, kila mtu alikuwa na ushauri. Kinyozi alisema asubiri, haya mambo ni fasheni tu, yatapita kama mtindo wa kunyoa panki. Mama mkwe alisema auze sare za shule, kwa sababu watoto hawaachi kukua. Mama Injini aliwasikiliza wote hadi sahani zikaisha.

"Kama umeme umehamia juu," alisema, "na mimi nitahamia juu."

Wiki iliyofuata alikwenda chuo cha ufundi akajiandikisha kwenye mafunzo ya mafundi sola. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, isipokuwa bwana mmoja mpaka rangi wa zamani ambaye wenzake walimwita Brashi; huyo alikuwa ameacha rangi kwa sababu ya kifua. Mwalimu wao alikuwa mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa mpwa wa Mama Injini. Alikuwa na sauti ya chini na hakuwa mtu wa kurudia maneno, kwa hiyo darasa lilijifunza kunyamaza. Mama Injini alitaabika siku za mwanzo. Alizoea ugonjwa unaopiga kelele, na sasa alitakiwa kuusoma kwenye kipimo kidogo cha mkononi. Lakini waya ni waya. Akishaelewa njia, haipotezi. Baada ya muda alikuwa anafunga betri na inveta bila kuangalia mchoro, na wanafunzi wenzake wakaanza kumsogelea na maswali.

Ndipo mwalimu alipotangaza kwamba mazoezi ya vitendo yatafanyika kwenye maktaba ya mji. Manispaa ilikuwa imempa mkandarasi kazi ya kufunga sola pale, na mkandarasi alikubali wanafunzi wafunge safu chache za paneli chini ya uangalizi. Darasa lilifurahi. Mama Injini aliuliza maktaba ina ghorofa ngapi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Alikuwa anaogopa kwenda juu. Hakuwahi kuanguka popote, wala hakuwa na kisa cha kusimulia. Alizaliwa nao tu woga ule, kama mwingine anavyozaliwa na kengeza. Hata kwenye kiti hakusimama. Balbu za nyumbani zilibadilishwa na mumewe. Mapazia yalitundikwa na mama mkwe, bibi mzima juu ya stuli, Mama Injini akishikilia stuli kwa chini na kusema anamwogopea bibi. Injini zote alizowahi kutengeneza zilikuwa zimekaa chini ardhini, kwa adabu, na kwa hiyo siri yake ilikuwa salama.

Maktaba ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye mabati mapana yaliyolala kwa mteremko mdogo. Walivaa kofia ngumu na mikanda ya usalama, kamba zikafungwa juu, wakapanda mmoja mmoja. Mama Injini alipanda akiwa ameyakazia macho mabuti ya mtu aliyemtangulia. Ngazi ilimpitisha dirisha la kwanza, ikampitisha la pili ambako msomaji mmoja alinyanyua uso kutoka kwenye gazeti na kumwangalia. Alifika juu, akaweka goti kwenye bati, akajiona amefaulu. Kisha akageuka.

Aliona mtaa. Aliona kibao cha saluni ya mumewe kikiwa kidogo kama stempu. Mwili wake ukakataa. Alilala kifudifudi, shavu juu ya bati la moto, vidole vimeng'ang'ania kichwa cha boliti, na hakuna sehemu yake iliyokubali kusogea. Aliwasikia wenzake wakiita, lakini kana kwamba wako chumba cha pili.

Mwalimu alikuja akakaa karibu yake, kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Mama, kamba imekushika," alisema hatimaye. "Hata ukiachia mikono yote, huendi popote."

"Najua, mwalimu. Kichwa kinajua. Mikono ndiyo haijaambiwa."

Ilibidi ashushwe akiwa amekaa, kamba inalegezwa kidogo kidogo, Brashi akitangulia chini yake na kumwekea mguu mmoja mmoja kwenye ngazi. Ilichukua muda mrefu mno. Wasomaji walitoka ndani, wapita njia wakasimama, mwenye duka la picha akainua simu yake kurekodi. Mtu mmoja alicheka, na kicheko kikawaambukiza wawili watatu. Mama Injini alipogusa ardhi alivua kofia, akamshukuru Brashi, akamshukuru mwalimu, akaenda zake karakana na kujifungia mlango.

Saluni ni mahali ambapo habari hufika kabla ya mwenyewe. Kinyozi alimwacha mteja akiwa na povu kidevuni, akagonga mlango wa pili. Mkewe alimfungulia, akamweleza yote kwa ufupi, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri vilivyoharibika.

Kinyozi alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Kumbe zile balbu," alisema.

"Ndiyo."

"Na mapazia?"

"Hata mapazia."

Alianza kucheka, akaona uso wa mkewe, kicheko akakimeza. Kisha akauliza taratibu kama anataka kuacha.

"Sijasema hivyo," alijibu Mama Injini. "Nimesema naogopa. Hayo ni mambo mawili."

Kesho yake mwalimu alimwita ofisini na kumwambia kwa upole kwamba kazi ya sola ina pande mbili. Mtu anaweza kubaki chini na inveta na betri maisha yake yote, akaheshimiwa, akala vizuri. Kwa mkono aliokuwa nao, mkandarasi yeyote angemchukua. Ulikuwa ushauri mzuri na Mama Injini aliupokea kwa heshima. Alikaa nao dakika nzima mapajani, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe. Halafu akaurudisha.

"Mwalimu, mimi nimezoea kazi yangu mwenyewe. Nikibaki chini, kila siku nitakuwa namsubiri mtu wa juu aniambie alichokiona. Na kukiwa na kosa nisiloliona kwa macho yangu, silali. Nipe muda kidogo. Safu yetu ya pale maktaba msiimalize bila mimi."

Mwalimu alimwangalia, akasema safu za wanafunzi zitafungwa mwisho.

Basi wakaanza wenyewe, nyuma ya saluni. Ngazi ilikuwa ya Brashi, ya mbao, yenye madoa ya rangi za kila nyumba aliyowahi kuipaka. Kila asubuhi kabla saluni haijafunguliwa, kinyozi aliishikilia kwa mikono miwili na Mama Injini alipanda. Siku ya kwanza alipanda vipandio viwili, akakaa pale akitokwa jasho kama anayekimbizwa. Brashi alikuja kumpa maarifa ya watu wa rangi: usiangalie chini, usiangalie juu, tazama ukuta ulio mbele ya pua yako, ndiyo kazi yako. Na usishikilie ngazi kama unataka kuinyonga. Nayo ina roho.

Kila siku alipanda kidogo zaidi ya jana. Akifika mahali woga unapomshika, hakushuka. Alikaa hapo hapo. Kinyozi alimpandishia chai kwa kamba na kikopo, na akanywa chai hewani, uso umeelekea ukutani, akisikiliza moyo wake kama alivyofundishwa kusikiliza injini. Aligundua kwamba woga una mwendo wake: unapanda, unanguruma, na usipoukimbia unapungua moto wenyewe. Hauzimiki, ila unapungua. Kuna asubuhi alitapika chai yote, akasukutua, akapanda tena.

Wateja wa kwanza wa saluni walizoea kumkuta huko. Walimsalimu kwa kuinua vichwa, naye aliwaitikia bila kugeuka. Wengine walimtania kwamba anatafuta mtandao. Mama mkwe aliletewa kiti akakaa kutazama, akatangaza kwamba hajawahi kuona mwanamke mzima akikaa ngazini kama kuku aliyekosa banda. Lakini siku ambayo kinyozi alikuwa na homa, ni yeye bibi aliyekunja kanga, akaweka nyayo zake kwenye ngazi na kushikilia kwa mikono miwili.

"Panda," alimwambia. "Zamu hii mimi ndiye ninayekushikia."

Mama Injini alishtuka, akamtazama. Bibi hakutabasamu. Alikuwa amejua habari za stuli miaka yote hiyo, akanyamaza.

Walipoitwa tena maktaba, upepo ulikuwa umetulia na jua kali. Mama Injini alifunga mkanda mwenyewe, akaukagua, akaomba Brashi amkagulie, kisha akamwomba mwalimu pia, bila aibu. Alipanda polepole. Kule juu hakugeuka kutazama mtaa. Alitambaa kwa magoti hadi kwenye safu yao, ambako reli zilikuwa zimeshafungwa na paneli zinasubiri, akaweka macho yake kwenye boliti iliyo mbele yake na kuyaacha pale.

Alikaza boliti moja, akasogea, akakaza nyingine. Msimamizi wa mkandarasi, mtu wa haraka aliyekuwa na majengo mengine ya kuwahi, alianza kulalamika kutoka upande wa pili wa paa kwamba kwa mwendo huu watazeekea hapo. Wenzake wa darasani walitazamana. Mama Injini hakuinua kichwa.

"Kaka, kanywe chai," alisema. "Ukirudi utanikuta hapa hapa, nimesogea."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Msimamizi alinung'unika, akashuka. Aliporudi alimkuta amesogea kweli. Jua lilipoanza kulala upande, safu ilikuwa imekamilika. Mwalimu alipita akivuta kila paneli na kugusa kila boliti, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata ile ya pembeni kabisa. Alipofika mwisho alimgeukia Mama Injini, akamwuliza kama safu inayofuata aianze kesho au kesho kutwa. Kwa mwalimu yule, hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Chini, Mama Injini alikaa kwenye ngazi za mlango wa maktaba. Alilia kidogo, kwa sababu machozi yalikuwepo na hapakuwa na haja ya kuyabeba hadi nyumbani.

Alimaliza mafunzo akapata cheti chake. Yeye na Brashi waliungana, wakaandika kibao kipya kwenye mlango ule ule mpana. Brashi mwenyewe ndiye aliyekipaka, rangi ya bluu, herufi zimesimama wima kama askari. Kazi hazikuja siku hiyo hiyo. Walianza kwa kusafisha paneli za watu vumbi na kinyesi cha njiwa. Mwoka mikate akawa wa kwanza kuwaita waongeze paneli kwenye paa lake. Mwenye duka la picha akafuata, akaomba radhi kwa ile video kwa kuwaletea soda. Ikaja shule ya msingi, likaja jengo la posta, na baadaye wafanyabiashara wa soko kuu walitaka taa na majokofu yao yaendeshwe na jua, na katika mkutano wao wakauliza nani anaweza paa kubwa kiasi kile. Mama Injini alisimama akasema anaweza, ila atakwenda polepole. Walikubali.

Woga haukumtoka. Kila alipofika chini ya ngazi aliukuta pale pale, kama siku ya kwanza. Alichofanya ni kuacha kuuficha. Mafundi aliowaajiri aliwaambia wazi, na akaweka sheria moja isiyo na majadiliano: hapandi mtu bila mkanda, na anayemcheka mwenzake kwa kuogopa, siku hiyo atabaki chini akishika ngazi. Akipanda paa la soko alisimama katikati ya ngazi, ameshika kipandio, na fundi aliye chini akamwuliza kama anataka kushuka. Alijibu kwamba hapana, anapumua tu. Alipumua, akaendelea. Soko liliwashwa kabla ya mvua.

Jumamosi baada ya kazi ile aliingia saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja na kumwambia mumewe amkate nywele zote, zibaki fupi kabisa, kwa sababu kofia ngumu haikai vizuri juu ya misuko na kichwa kinamuwasha. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakapinga kama vile nywele ni zao. Kinyozi mwenyewe alisitasita, akauliza mara mbili, akamfunga kitambaa shingoni na kuwasha mashine. Alianza upande wa kushoto, kwa makini, akimgeuza kichwa kwa vidole viwili.

Alikuwa amefika katikati ya utosi mashine iliponyamaza. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Nje, redio ya duka la picha iliendelea kuimba. Uchapaji uliendelea kugonga. Kwa mwoka mikate feni zilikuwa zinapuliza kama kawaida. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, na mtaa mzima ulikuwa na wa jua isipokuwa chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa cha mume wa fundi.

Kinyozi alimtazama mkewe kwenye kioo, nusu ya kichwa kina nywele, nusu hakina. Watu wa kwenye benchi waliinamisha nyuso. Paneli za saluni Mama Injini alikuwa amemwahidi mumewe tangu kabla ya kazi ya shule ya msingi, na kila wiki ilitokea kazi ya mtu mwingine iliyo muhimu zaidi.

"Jumatatu," alisema Mama Injini.

"Leo," alisema kinyozi.

Mama Injini alifungua kitambaa shingoni na kukikung'uta. Akavaa kofia ngumu, ambayo upande mmoja ilikaa vizuri sana, akatoka kumwita Brashi alete ngazi.